Sura ya Sita: Yasiyo na Daftari

Kuanzia Februari hadi Desemba mwaka 2000, wadadisi wenye madodoso walipita mara tano katika nyumba za Nyakatoke, kijiji kidogo cha Wahaya huko Bukoba Vijijini, mkoani Kagera. Kaya zilikuwa 119, na zote ziliulizwa. Mwenye utafiti alikuwa Joachim De Weerdt, mchumi kutoka Ubelgiji ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya utafiti ya EDI mjini Bukoba. Mashamba yaliandikwa, mifugo iliandikwa, matumizi ya nyumbani yaliandikwa. Lakini alichokifuata hasa ni jambo ambalo takwimu zetu za kawaida hazina safu yake: mtu akikwama Nyakatoke, anamwendea nani?

Kila mtu mzima aliombwa awataje watu anaoweza kuwategemea, au wanaoweza kumtegemea yeye, kwa fedha, kwa vitu au kwa nguvu za mikono. Tena kila awamu watu waliulizwa wamempa nani nini, wamepokea nini kwa nani, nani kamkopesha nani. Tafiti nyingi huchagua nyumba chache kijijini na kuziacha nyingine. Hapa, kwa kuwa hakuna nyumba iliyoachwa, kila fadhila ilikuwa na mashahidi wawili, aliyetoa na aliyepokea. Ungeweza kuchukua maneno ya huyu ukayaweka kando ya maneno ya yule, ukaona kama yanalingana.

Hayakulingana. Mara nyingi mmoja alisema, "Huyu ndiye ninayemtegemea," na huyo aliyetajwa, alipoulizwa kwake, hakumtaja mwenzake kabisa. Zawadi zilikuwa hivyo hivyo, na mikopo pia. Mmoja anasema katoa, mwenzake hana habari. Mwingine anasema kapokea, na aliyempa hakumbuki kutoa kitu. Mwaka 2017 wachumi wawili, Margherita Comola na Marcel Fafchamps, walichapisha uchambuzi wa takwimu hizo wakitafuta namna ya kuukadiria ukweli ulio nyuma ya majibu yasiyokutana. Hitimisho lao ni kwamba ukiyachukua majibu kama yalivyo, bila kurekebisha, utapunja vibaya sana hesabu ya vitu na fedha vilivyokuwa vikipita mkono kwa mkono kijijini hapo.

Kwa mchumi hiyo ni dosari ya kipimo, na ana haki ya kuikarabati. Mimi nimeisoma kama habari yenyewe. Kijiji kizima kilikaa karibu mwaka kikiulizwa kimetoa nini na kimepokea nini, na kikashindwa kuikumbuka sehemu kubwa ya wema wake.

Najua jibu la haraka: watu wanaficha. Lipo hilo. Aliyepokea huona aibu kulitaja mbele ya mgeni mwenye kalamu, na aliyetoa huogopa kwamba kesho wataomba wengine. Ila mtu haoni haya kwa chumvi, wala hafichi kwamba alimshikia jirani mtoto. Vitu vya namna hiyo havifichwi. Vinasahaulika, tena kwa sababu ya mahali penyewe palivyo.

Nyumba ya Kihaya imekaa ndani ya migomba yake, ndani ya kibanja, na njia ya kwenda kisimani, shuleni au kanisani mara nyingi hupita katika migomba ya mwingine. Unapopita unaona. Unaona kama jiko linafuka moshi au limenyamaza, kama majani makavu ya mgomba yameondolewa au mwenye shamba hajaonekana siku mbili, kama mlango uliozoea kufunguliwa mapema bado umefungwa. Hakuna anayetumwa kukagua. Kupita tu kunatosha, na aliyeona akinyamaza atakuja kuulizwa, "Ulipita pale, hukuona?"

Chukua jioni moja ya kawaida. Mtoto anaingia uani kwa jirani na kikombe cha plastiki. "Shikamoo bibi. Mama anaomba chumvi kidogo." Bibi anaitika marahaba, hainuki, anaonyesha kwa kidevu mahali mkebe ulipo, maana mtoto anapajua. Mtoto anachota. Kabla hajatoka anaambiwa, "Mchukulie mama na hizo ndizi," nazo ni chane mbili zilizobaki kwenye mkungu uliokatwa asubuhi. Kesho yake mtoto yuleyule anampelekea bibi dumu la maji, kwa kuwa alikuwa anakwenda kisimani hata hivyo. Mdadisi akifika mwezi ujao na kuuliza, "Katika kipindi hiki umempa mtu yeyote kitu?" bibi atafikiri kwa dhati na kujibu kwamba hapana. Hasemi uongo. Alipoulizwa kuhusu kutoa, aliwaza mbuzi, fedha, debe la maharage. Chumvi kwake iko pamoja na kuvuta pumzi, na nani anahesabu pumzi?

Ugenini nako wamegundua kitu kinachokaribiana na hiki. Amit Kumar na Nicholas Epley, wanasaikolojia wa Marekani, waliwahi kuwaomba watu katika uwanja wa kuteleza kwenye barafu mjini Chicago wampe mtu wasiyemjua kikombe cha chokoleti ya moto, kisha wakadirie mpokeaji atafurahi kiasi gani. Watoaji walikadiria chini. Waliitazama thamani ya kikombe, na mpokeaji akapokea pia joto la kukumbukwa na mtu. Utafiti huo ni mzuri, ingawa nikiusoma najiuliza wangepata nini kwa bibi wa Nyakatoke ambaye hata hakumbuki kama kuna kikombe kilichotoka.

Hii haimaanishi kwamba Wahaya hawajui kuandika. Upande wa pili wa ujirani huohuo una daftari, tena daftari kali. Ni msiba. Vikundi vya kufa na kuzikana vya Kagera vina wanachama waliosajiliwa, viwango vya michango, zamu za kazi, na faini kwa asiyefika. Nyakatoke ilikuwa navyo, na watafiti wamevieleza kwa kirefu pamoja na vya Ethiopia kama aina ya bima iliyobuniwa na watu wenyewe, bila kampuni wala wakala. Mtu akifariki kila mmoja anajua kazi yake: wenye kuni walete kuni, wenye ndizi walete ndizi, vijana washike majembe na sururu wachimbe kaburi, mara nyingi humo humo kibanjani karibu na baba na babu wa marehemu. Akina mama wanachukua jiko. Karani anaketi pembeni na kuandika jina na kiasi. Usipoonekana jina lako linabaki na pengo, na pengo hilo litasomwa kwa sauti siku moja, uwepo au usiwepo.

Zamani palikuwa na ahadi nzito kuliko daftari. Tunda la buni lina punje mbili zilizokaa zikitazamana ndani ya ganda moja. Wanaume wawili waliotaka kuwa ndugu wasiozaliwa pamoja waligawana punje hizo, kila mmoja akaipaka damu yake, na kila mmoja akaila punje yenye damu ya mwenzake. Huo ndio omukago, na baada yake hakukuwa na kunyimana. Buni bado ipo mezani kwa Wahaya. Huchumwa ikiwa mbichi, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, na mgeni hupokelewa nayo katika kijikapu kidogo cha kusuka kabla hajaulizwa kilichomleta. Unatafuna mbili tatu huku mnajuliana hali. Ladha yake ni chungu kidogo, na hukaa mdomoni hadi ufike nyumba ya pili, ambako nako kijikapu kinakungoja.

Basi kuna wema wenye karani, na kuna wema wa mkebe wa chumvi. Kuna na wa tatu, wa kamera. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba ikiwa na watu 43. Kumi na tisa walifariki, 24 wakaokoka. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao ya kila siku. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kabla jua halijazama sawasawa. Alipewa Sh milioni moja, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili. Ila picha za siku ile zinaonyesha umati wa watu wakivuta kamba, wengine maji yakiwafika kifuani, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Jumatatu wavuvi wakarudi kwenye nyavu.

Tukisimulia wema kwa njia ya mashujaa tu, tunawafundisha watoto wetu kwamba ni kitu cha siku moja, tena siku ya maafa. Kwa maoni yangu, wale wavuvi hawakuwa wema kwa ghafla asubuhi ile. Mtu aliyezoea kuwavuta wenzake mtumbwi unapojaa maji haulizi, "Je, hii ni kazi yangu?" Mkono umekwisha kujua njia.

Kama kuna kipindi kilichoupima mkono huo ni miaka ya ukimwi. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walitoka Kagera, mwaka 1983. Mwaka 1987 uchunguzi uliofanyika mkoani uligundua kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima karibu 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Dawa za kufubaza hazikuwepo, na kwa mwananchi wa kawaida zilichelewa kwa miaka mingi baada ya hapo. Vijana waliokuwa wametoka kwenda kutafuta maisha Mwanza, Dar es Salaam na Kampala walirudi nyumbani wakiwa wagonjwa. Hospitali za Ndolage na Rubya, zote za Muleba, zilifanya zilichoweza, kisha mgonjwa alirudishwa kibanjani.

Huko alikuwepo nani? Mama mzazi, dada, shangazi, na jirani aliyekuja kusaidia kumgeuza mgonjwa, kufua mashuka, kuchemsha uji, kukaa zamu ya usiku ili mama alale kwa saa mbili. Hii ndiyo kazi ambayo sijaiona katika mnara wowote wa kumbukumbu. Ilifanyika wakati hofu imetanda, watu wakiogopa hata kikombe alichonywea mgonjwa. Wapo waliokimbia, na wapo waliowanyanyapaa ndugu zao wa damu. Nisipolisema hilo nitakuwa naandika hadithi ya watoto. Lakini wagonjwa maelfu waliuguzwa na watu wasiolipwa wala kufundishwa, na wengi wa waliouguza leo ni wazee ambao ukiwauliza watakwambia, "Tulikuwa tunakaa tu na mgonjwa."

Hapa inanibidi niwe mkali kidogo, kwa sababu sifa za ujirani zikizidi zinageuka kisingizio. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji kaya zaidi ya 900 za Kagera. Mwaka 2004 watafiti waliwatafuta tena watu walewale popote walipokuwa wamehamia, na mwaka 2010 wakarudia. Mtoto wa mwaka 1991 akapatikana akiwa mtu mzima. Kathleen Beegle, De Weerdt na Stefan Dercon walipolinganisha waliofiwa na mama utotoni na wenzao, waliona kwamba wamepungukiwa urefu kwa sentimita zipatazo mbili, na wamesoma pungufu kwa takriban mwaka mmoja wa shule. Watoto hao hawakutupwa. Walichukuliwa na bibi, na shangazi, na majirani. Walikula. Hata hivyo pengo likabaki mwilini, na linapimika kwa rula.

Ujirani, basi, ni hodari kwa mambo madogo ya mara kwa mara: chumvi, kuni, maji, zamu ya usiku, kumbeba mgonjwa hadi barabarani. Kwa mambo makubwa ya muda mrefu, kama maziwa ya miaka mitatu au ada ya miaka saba, unachoka. Isitoshe haugawanyiki sawa. De Weerdt aliona Nyakatoke kwamba watu hushikamana kwa udugu, kwa ukoo, kwa dini, kwa ukaribu wa nyumba na kwa marafiki wa pamoja, na kwamba maskini wana watu wachache wa kutegemea kuliko wenye nacho. Ukitafakari ni jambo la kusikitisha lakini haliko mbali na akili. Mwenye migomba mingi anaweza kutoa leo, na kesho kila mtu anamjua. Asiye na kitu huanza kwa kukosa cha kubeba kwenda msibani, halafu anaona haya kwenda, halafu hatajwi.

Na kuna siku ambapo wema wenyewe huwa hatari. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini, watu tisa waliugua na sita wakafa. Yale ambayo jirani mwema hufanya kwanza, kumshika mgonjwa, kumwosha marehemu, kushikana mikono kwenye pole, ndiyo yaliyokatazwa. Serikali ilitangaza mwisho wa mlipuko tarehe 2 Juni mwaka huo. Waliokaa mbali na msiba wa ndugu yao wakati ule walitoa kitu kigumu kuliko mchango wowote wa daftarini, na sidhani kama kuna aliyewashukuru.

Tukirudi kwa watoto na wazee walioachwa na ukimwi, Nshamba, huko Muleba, kuna mambo mawili yanayostahili kuangaliwa kwa karibu. La kwanza ni Vijana Simama Imara, chama kilichoanza mwaka 2000 na kuendeshwa na yatima wenyewe. Walikuwa vijana waliofiwa na wazazi, wakiweka akiba pamoja, wakitembeleana mmoja wao akiugua, wakienda kuwasaidia wazee wasio na mtu. Baadaye wadogo zao nao wakawa na kikundi chao, Rafiki Mdogo. Fikiria mtoto wa miaka 14 mwenye wadogo wawili nyumbani anayeenda Jumamosi kumchotea maji bibi wa watu wengine. Yeye mwenyewe ni wa kusaidiwa, kwa kila kigezo cha fomu. Ila kwa bibi yule siku ile yeye ndiye aliyekuja, na ninavyoona, mtoto aliyeambiwa "wakola waitu" na mzee, shukrani ya Kihaya isiyo na mapambo, anarudi nyumbani akiwa mtu mwingine kidogo kuliko yule anayepangwa foleni ya msaada.

La pili ni KwaWazee, mradi ulioanza mwaka 2003 chini ya Mswisi Kurt Madörin. Waendeshaji wake waliona kwamba bibi anayelea wajukuu hana shida ya mafunzo wala semina. Ana shida ya fedha. Wakaanza kumpa pensheni ndogo kila mwezi. Utafiti wa mwaka 2008 unaitaja kuwa Sh 6,000 kwa mzee, na Sh 3,000 zaidi kwa kila mtoto anayemlea. Zilikwenda wapi? Jina la ripoti lenyewe linataja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Chakula kikaboreka, wasiwasi ukapungua, na wazee wakaundiwa vikundi vya kukutana na kusaidiana wao kwa wao.

Chumvi ndiyo iliyonishika. Bibi mwenye chumvi yake ndani ya mkebe ni bibi ambaye mtoto wa jirani anaweza kutumwa kwake na kikombe. Fedha ile haikuja kushika nafasi ya ujirani. Ilimrudisha mzee kwenye upande wa wanaotoa, upande ambao ukimwi ulimtoa ulipomchukulia watoto wake. Anaweza tena kwenda msibani na kitu mkononi, karani akaandika jina lake. Anayedhani kwamba serikali ikimlipa mzee majirani wataacha kumjali hajakaa na maskini muda wa kutosha kuona kinachowatenga na wenzao.

Kwa hiyo simuungi mkono kiongozi anayesimama jukwaani Kagera na kusifu "mshikamano wetu wa asili" kisha akafunga kitabu cha bajeti. Mshikamano upo, ni mkubwa kuliko hata wenye nao wanavyokumbuka, na umebeba mzigo ambao haukuwa wake peke yake. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 Sh 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza ana watoto wangapi au jirani gani. Tanzania Bara, ambako bibi wa Nshamba anaishi, hadi ninapoandika sura hii haina pensheni ya wazee wote ya namna hiyo.